Baba, cherehani na watoto wawili

Mara nyingi tunaposoma habari za malezi, mwandishi huwa amekaa mahali patulivu, na watoto anaowazungumzia ni wa watu wote na si wa mtu yeyote. Mistari hii imeandikwa barazani, hapa Muheza mjini, mguu mmoja ukiwa juu ya kanyagio la cherehani na goti la pili likiwa limekaliwa na binti wa miaka miwili na miezi minne, ambaye ana yakini kwamba gurudumu la mashine hii liliwekwa kwa ajili yake. Mdogo wake, wa kiume, anaingia mwezi wa tano. Amelala mkekani chini ya chandarua, na kila baada ya mistari michache huinuka kumtazama kama bado anapumua. Desturi ambayo mama yake huicheka, ingawa naye nimekwisha kumfumania akiifanya usiku.

Mimi ni fundi wa kanzu na mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijaaliwa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Akirudi kazini anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Baba aliyeajiriwa aliwekewa na sheria hiyo hiyo siku zisizopungua tatu, nazo azichukue ndani ya wiki ya kwanza tangu mtoto azaliwe. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, waliwapa kinababa wiki mbili. Fundi cherehani hana mwajiri wa kumwomba hata siku moja, ila ana kitu ambacho wengi hawana: kazi yake iko mlangoni kwake.

Siku ya 85 ilipowadia, yaya wetu alikuwa amekwisha kurudi kwao Korogwe kuolewa, na mshahara wa mwalimu una uhakika kuliko kanzu, ambazo soko lake ni Ramadhani na Idi mbili, kisha husubiri harusi. Tukakaa, tukashauriana. Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imeweka hata suala la kumwachisha mtoto ziwa liwe ni la wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Itakuwaje basi suala la nani akae naye mchana kutwa? Tukaafikiana kwamba yeye ataingia darasani, nami nitabaki na cherehani, uji na watoto.

Nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo, yanipasa kueleza kilichonifanya nikubali upesi namna ile.

Binti yetu alipokuwa na umri wa miezi kumi, mama yake akiwa Tanga mjini kwa shughuli ya kazi, yaya alinijia mbio akisema mtoto anachemka. Nilimchukua nikamkimbiza zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, akafungua daftari na kuanza kuuliza. Homa imeanza lini? Sikujua. Amekula nini tangu asubuhi, na ametapika? Aliyejua alikuwa yaya, na yaya nilikuwa nimemwacha nyumbani. Amekojoa? Choo chake kikoje? Kliniki ya mwisho alikuwa na kilo ngapi? Chanjo ya surua ya miezi tisa amepata? Kadi yake iko wapi? Ndugu msomaji, nilijua bei ya kitambaa cha kanzu katika kila duka la mji huu. Nilijua vipimo vya mabega na mikono ya wazee zaidi ya thelathini bila ya kutazama daftari langu. Yule mama akaweka kalamu chini, wala hakukasirika, akaniuliza taratibu: "Baba, huyu ni mwanao au umetumwa umlete?"

Homa ile ilikuwa ya mafua, ikapita kwa siku mbili. Swali halikupita. Usiku ule niliitafuta kadi ya kliniki, nikaisoma mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma wasia, nikakuta mstari wa uzito wa mwanangu, mwezi kwa mwezi, umepanda na kushuka na kupanda tena, na katika miezi yote hiyo mimi sikuwa na habari.

Katika mila zetu za pwani, na Wabondei wa Muheza hawako mbali na mila hizo, baba ni mtu wa gharama. Mtoto akizaliwa, yeye hutafuta mbuzi wa akika, wawili kwa mwana wa kiume na mmoja kwa binti. Hununua kuku wa supu na pilipili manga ya uji wa mzazi. Baada ya hapo arobaini huingia, na nyumba huwa ya wanawake: bibi, shangazi, mkandaji na maji yake ya moto. Siikejeli desturi hiyo. Siku arobaini za mzazi kupumzishwa, kukandwa na kupikiwa ni hekima ambayo mataifa makubwa leo yanaitafuta kwa fedha. Ninachosema ni kwamba baba anayetolewa nje kwa siku arobaini mara nyingi hajui njia ya kurudi ndani, na wengine wetu hatukuitafuta kwa sababu nje kulikuwa na raha yake.

Lakini ukiisoma Sira kwa utulivu utakuta picha iliyo pana zaidi. Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye, kama alivyopokea Imamu Bukhari, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Katika mapokezi ya Imamu Ahmad imetajwa pia kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kwa mkono wake. Mtakuwa mmefahamu kwa nini mapokezi hayo ya kushona nguo humpendeza fundi cherehani.

Siku yetu huanza kabla ya jua. Baada ya Alfajiri mama watoto hunyonyesha, kisha hukamua maziwa katika kikombe chenye kifuniko. Mtoto huyanywa kwa kikombe na si kwa chupa, kwa maana chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha, na maziwa yaliyokamuliwa katika joto letu hili hayakai zaidi ya saa chache. Saa nne mama yake hurudi mbio kunyonyesha, shule ikiwa karibu, namshukuru Mwenyezi Mungu. Katikati ya hapo niko peke yangu. Uji wa binti nimejifunza kuupika kwa unga wa mahindi, karanga zilizotwangwa laini na tui jepesi la nazi. Mwanzoni uliungua siku tatu mfululizo, siku ya nne aliunywa, akarudisha kikombe, akasema, "Tena." Sifa hiyo sijaipata kwa kanzu yoyote.

Wajuzi wa vyerehani wataniuliza habari ya sindano na mikasi. Mikasi nimeitundika juu ya mlango. Pini nazihesabu asubuhi na jioni. Ni ishirini na nne. Siku moja zilikuwa ishirini na tatu, na sikushona tena hadi nilipoipata ile moja kwenye ufa wa baraza, baada ya kufagia mara tatu na kumfungua binti kinywa mara tano, naye akidhani ni mchezo akawa anakifungua kila nikigeuka. Chai ya moto huwekwa dirishani. Ndoo ya maji hufunikwa, kwa maana mtoto wa umri huu huweza kuzama katika maji yasiyofika goti la mtu mzima. Kazi iliyokuwa ikinichukua siku moja sasa hunichukua mbili, na wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Siwalaumu. Kanzu haisubiri mtoto aache kulia.

Suala la kumbeba mtoto mgongoni lilinisumbua zaidi ya hayo. Mvulana hakubali kulala mchana asipohisi mwili wa mtu. Siku moja uzi mweupe ulinikatikia, nami nina kanzu ya harusi mkononi. Nikajifunga mbeleko, nikampakata mtoto mgongoni, nikamshika dada yake mkono, tukaenda madukani. Vijana wa bodaboda walipiga mbinja. Mama mmoja muuza machungwa, aliyeketi mbele ya fungu lake kama malkia, akaniita: "Fundi, mama watoto amefariki?" Nikamwambia yu hai, alhamdulillahi, yuko darasani. Akanitazama, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasimama. "Basi geuka nikukaze, umemfunga kama mzigo wa kuni." Akaifungua mbeleko, akaifunga upya chini ya makwapa ya mtoto, akampa binti chungwa lililomenywa. Sijui kama alinipongeza au alinihurumia. Tangu siku ile mbeleko yangu haijalegea.

Na anayeona haya kubeba mtoto na akumbuke kisa cha Umama, binti wa Bi Zaynab binti wa Mtume (S.A.W.). Abu Qatada (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali huku amembeba mjukuu wake huyo, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Mapokezi hayo yamo kwa Bukhari na Muslim. Tangu nilipoyasoma sijamfungia binti yangu nje ya chumba ninaposwali.

Liko jambo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa heshima, kwa kuwa linavunja nyumba. Watoto wetu wamepishana miaka miwili. Ina maana mama yao alishika mimba binti akiwa bado ananyonya. Alimwachisha ziwa alipotimiza miezi ishirini, akijipaka shubiri kama walivyofanya bibi zetu, na binti alilia siku nne. Akapungua. Mstari wa kadi ukashuka miezi miwili. Mtaani likazuka neno linalojulikana pwani yote: mtoto amebemendwa. Maana yake, wazazi hawakujizuia, wakamharibu mtoto kwa tendo la unyumba. Mke wangu alilisikia neno hilo kisimani, akarudi na ndoo tupu.

Nilikwenda kumuuliza shehe wetu, naye akanifungulia Sahihi Muslim. Humo Bi Judama bint Wahb (r.a.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwakataza watu kuwaingilia wake zao wanaonyonyesha, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Karne kumi na nne zilizopita jambo hili lilipimwa kwa kuangalia hali za watu, na sisi bado tunahukumiana kwa minong'ono.

Pamoja na hayo, nisingependa kuwacheka wazee. Waliona kitu cha kweli, wakakosea sababu yake. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1935 juu ya maradhi ambayo watu wa huko waliyaita kwashakoo. Katika lugha ya Waga jina hilo ni la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Anayemdhuru mtoto ni ziwa kuondoka kabla ya chakula kizuri kushika nafasi yake; mapenzi ya wazazi wake hayahusiki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeshauri mama asubiri walau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine. Sisi hatukusubiri, nalo nakiri. Kwa binti wetu dawa ilikuwa mayai, karanga, dagaa waliosagwa, na mtu wa kukaa naye kikombe kikiisha. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa mama yake alikuwa akitapika mimba. Mwezi wa tatu mstari ukapanda. Kadi hiyo nilikwenda nayo msikitini mfukoni, wala sikumwonyesha mtu; nilipenda tu kuwa nayo.

Sasa nije kwenye kisa cha kanzu ya mzee, ambacho mtaani kwetu kinajulikana.

Ijumaa moja mzee mmoja, mwalimu wa madrasa mstaafu, alikuja saa tano na nusu kuchukua kanzu yake mpya aivae kwenda Jumaa. Nilikuwa nimeipiga pasi, nimeikunja juu ya mkeka. Katika kupokea salamu nikamlaza mvulana pembeni, kumbe si pembeni ya kutosha. Tulipogeuka wote wawili, doa lilikuwa limekwisha kuenea kifuani pa kanzu. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akainama, akauliza swali moja tu: "Ameshaanza kula?"

Nikamjibu kwamba bado. Ni maziwa ya mama yake peke yake, hata maji hajanywa. "Una hakika, fundi? Si uji, si maji ya mchele?" Nikamwambia nina hakika, maana aliyeshinda naye ni mimi. "Basi lete maji." Akayanyunyiza juu ya doa mpaka yakaenea mahali pote palipopatwa, akaitikisa kanzu, akaivaa ikiwa na unyevu, akaondoka. Akiwa ngazini akageuka: "Angekuwa dada yake ungefua, nami ningeswali na koti."

Wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, nao ndio wengi katika mwambao wetu, wanaijua hukumu hiyo. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye hajalishwa kitu cha kumshibisha zaidi ya maziwa, ni najisi hafifu, na hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea. Wa binti huoshwa. Asili yake ni kisa cha Bi Ummu Qays (r.a.), aliyempeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (S.A.W.), mtoto akamkojolea nguo, naye akaagiza maji akanyunyizia. Nilisoma hukumu hii chuoni nikiwa mtoto, nikaipita kama mtu anavyopita nyumba ya asiyemjua. Ilikuja kunifaa siku nilipoweza kueleza kwa yakini kilichoingia tumboni mwa mwanangu.

Na yakini hiyo haikupatikana bure. Mama mkwe wangu, mtu mwema asiye na mfano, alitaka mtoto apewe uji mwepesi tangu mwezi wa pili, kwa kuwa watoto wake saba aliwalea hivyo na wote wako hai. Wataalamu wa afya wanasema miezi sita maziwa ya mama pekee. Utamwambiaje mkweo jambo hilo? Sikubishana naye. Nilimwambia, "Shikamoo mama, uji upo jikoni, lakini nisaidie: mkubwa ndiye asiyekula mpaka abembelezwe na mtu anayemheshimu." Akahamia kwa mkubwa, na kikombe chake.

Nimefika sasa kwenye mambo ya masika iliyopita.

Jumatano moja, baada ya Alasiri, binti hakuligusa gurudumu. Aliketi kwenye kizingiti akiwa amelaza kichwa, akitazama maji ya mvua. Mtu mwingine angesema leo ametulia. Nilimgusa shingo, ikawa moto. Uji aliukataa, akaomba maji, akayatapika. Nikampa dawa ya maji ya kushusha homa saa moja usiku, nikaandika saa hiyo nyuma ya kadi ya vipimo vya kanzu. Tulipanga kwenda hospitali kukipambazuka. Homa haikusubiri. Saa tano usiku mwili wake ukakakamaa, macho yakapanda juu, mikono ikaanza kutetemeka.

Bibi mmoja jirani aliwahi kufika, na nia yake ilikuwa njema. Akataka kijiko cha kutia katikati ya meno. Akataka tumfukize kwanza, kwa kuwa wapo wanaoamini pwani kwetu kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Nilikuwa nimesikia mafunzo ya kliniki mwezi uliotangulia, miongoni mwa kinamama arobaini nikiwa mwanamume pekee: mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kitu kinywani, usimbane, mwahishe. Nikamwambia, "Bibi, sisi tuombee dua hapa hapa, mimi natangulia naye." Mke wangu alibaki na mchanga ndani ya chandarua. Uso wake alipotukabidhi kwa mwenye bodaboda sitauandika.

Hospitalini maswali yalikuwa yale yale. Homa tangu lini? Tangu Alasiri ya leo. Jana alicheza na kula kama kawaida. Degedege lilidumu kiasi gani? Dakika tatu hivi, mara moja. Ametapika mara ngapi? Mbili. Mkojo wa mwisho? Kabla ya Magharibi, kidogo, wa rangi nzito. Dawa aliyopewa? Nikatoa ile kadi ya vipimo vya kanzu. Uzito? Wiki mbili zilizopita kilo kumi na moja na nusu. Tabibu kijana aliyekuwa zamu alimpima mwenyewe kuhakikisha, ikawa kumi na moja na nukta mbili, akatikisa kichwa, akaandika. Hakuniuliza kama nimetumwa.

Kipimo cha damu kilionyesha malaria. Kwa mtoto asiyefika kilo ishirini, sindano ya artesuneti hupimwa kwa miligramu tatu kwa kila kilo, hudungwa mara ya kwanza, kisha baada ya saa kumi na mbili, kisha baada ya saa ishirini na nne. Muheza ina historia na dawa hiyo ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Kati ya mwaka 2005 na 2010 Hospitali Teule ya hapa ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, ambao uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali, baadhi wakipewa kwinini ya zamani na wengine artesuneti. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti. Malaria imepungua sana katika wilaya yetu ikilinganishwa na miaka ya 1990, lakini masika haijaacha kuja nayo. Katika takwimu zile wamo watoto wa vijiji vyetu, na wazazi ambao usiku kama ule waliwakubalia madaktari. Nilikaa nikiwafikiria hao, nisiowajua.

Wodi ya watoto ni wodi ya kinamama. Muuguzi wa usiku aliniruhusu kubaki, ila kulikuwa na akina mama wanaonyonyesha pande zote, hivyo nikageuza kiti kikaelekea ukutani, mkono mmoja nikiwa nimeurudisha nyuma kitandani, kwenye kifundo cha mguu wa mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyohesabu pumzi zake mpaka Alfajiri. Alhamisi mchana alifungua macho akaomba maji, na safari hii yakakaa. Usiku akapata sindano ya tatu. Ijumaa asubuhi alianza vidonge vya mseto, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, nami nilimpa na maziwa kwa kuwa mafuta yaliyomo huisaidia dawa hiyo kufanya kazi mwilini.

Wanazuoni wetu wamehesabu kumuuguza mgonjwa asiye na mwangalizi kuwa ni udhuru wa kutohudhuria Jumaa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuutegemea udhuru huo. Saa tano mama mkwe akaingia, amebeba kanzu safi iliyokunjwa na chupa ya uji. "Nenda ukaswali, baba," akasema, "nitakaa naye." Kisha akaniuliza anywe kiasi gani, na kidonge kinachofuata ni saa ngapi. Nikamweleza. Akarudia maneno yangu mara mbili, ili asikosee.

Tuliruhusiwa Jumamosi. Jumapili asubuhi nilikuwa nikishona pindo la kanzu nikasikia vidole vinapanda kwenye paja langu, kisha gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukasongamana, na sindano ikakatika. Nikainuka kutafuta kipande kilichoruka.